Jinsi Viini vya Kompyuta Vinavyopashana Habari



Siku hizi wengi wetu hulipiwa ada kwa simu. Mzazi aliye Mbarara hubonyeza namba zake, na kufumba na kufumbua ofisi ya shule yapata taarifa kwamba fedha zimefika. Wakati huo huo maelfu ya watu wengine nao wanatuma, wanapokea na kulipia umeme. Hesabu hizo hazifanyiki ndani ya simu. Hufanyika katika kompyuta kubwa ziitwazo seva, ambazo huwekwa katika vyumba vya baridi na kufanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa.

Mtu aweza kudhani kwamba ndani ya seva mna ubongo mmoja mkubwa ufanyao kazi upesi mno. Sivyo. Mna bongo nyingi, na kila mmoja una kazi yake. Wahandisi huuita kila ubongo kiini. Basi swali ninalotaka kulijibu ni hili: kiini kimoja chajuaje wenzake wamefanya nini? Maana kisipojua, ada moja yaweza kuhesabiwa mara mbili, au isihesabiwe kabisa.

Kwa nini viini vikawa vingi

Sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu huitwa prosesa. Zamani kila prosesa ilikuwa na kiini kimoja tu. Kiini huenda kwa mapigo, kama askari waendavyo kwa ngoma: kila pigo, hatua moja. Prosesa ndogo ya kwanza ya kampuni ya Intel, iliyotoka mwaka 1971, haikufikia mapigo milioni 1 kwa sekunde. Kufika mwaka 2004 prosesa zilikuwa zimepita mapigo milioni 3,000 kwa sekunde. Hapo wahandisi wakakutana na ukuta, nao ni joto. Kila walipozidisha mapigo, kile kipande kidogo cha silikoni kilizidi kuwaka moto, wala hapakuwa na njia rahisi ya kukipoza. Mwaka huo huo Intel waliacha mpango wao wa kutengeneza prosesa mpya ya mapigo mengi zaidi.

Ikiwa mpagazi mmoja hawezi kukimbia zaidi, dawa ni kuongeza wapagazi. Kampuni ya IBM ilikuwa imekwisha kutangulia mwaka 2001 kwa kutia viini viwili katika kipande kimoja cha silikoni. Mwaka 2005 AMD na Intel wakafanya vivyo hivyo. Tangu hapo viini vimeongezeka mwaka hata mwaka, na mwaka 2024 AMD walitoa prosesa ya seva yenye viini 192. Seva moja yaweza kuwa na prosesa mbili za namna hiyo.

Lakini wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Viini 192 si faida ikiwa kila kimoja chafuata hesabu yake mwenyewe.

Mfano wa makarani

Tuseme pana ofisi yenye makarani wengi. Katika ghala la ofisi mna daftari kuu moja, ambamo hesabu zote zimeandikwa. Ghala liko mbali kidogo na meza za makarani. Kama kila karani angekwenda ghalani kila atakapo kusoma namba moja, siku nzima ingekwisha njiani. Kwa hiyo kila karani ana kijitabu mezani pake. Akitaka namba fulani hunakili ukurasa mzima kutoka katika daftari kuu, kisha hufanya kazi kwa kijitabu chake.

Ndivyo ilivyo katika seva. Daftari kuu ndiyo kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kijitabu ndicho kiitwacho kache, nayo ni kumbukumbu ndogo iliyo karibu kabisa na kiini. Ukurasa mmoja wa kache, katika prosesa nyingi za seva, una baiti 64, yaani nafasi ya kuandika namba kubwa nane tu.

Yafaa tujue umbali huo una maana gani. Mwanga, ambao hakuna kitu kiupitacho kwa mwendo, huenda kama sentimita 30 tu katika sehemu moja ya milioni elfu ya sekunde. Grace Hopper, mwanamke mtaalamu aliyekuwa ofisa katika jeshi la majini la Marekani, alikuwa akiwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya vya urefu huo, ili washike kwa mikono yao kipimo cha muda huo mdogo. Kompyuta yenye mapigo milioni 3,000 kwa sekunde hupiga mara tatu mwanga unapopita kipande hicho. Kwa pigo moja mwanga waenda sentimita 10 tu, nao umeme katika nyuzi za prosesa huenda polepole kuliko hivyo. Basi ndani ya mashine hizi sentimita moja si kitu cha kudharau.

Tufanye kana kwamba pigo moja ni sekunde moja. Kiini kikisoma katika kache yake iliyo karibu kabisa, hutumia sekunde 4 au 5. Kikitaka ukurasa ulio katika kache ya kiini kingine cha prosesa ile ile, chaweza kungoja dakika mbili au tatu. Kikienda hata kumbukumbu kuu, hungoja kama dakika tano. Na ikiwa habari iko upande wa prosesa ya pili, hungoja zaidi ya hapo. Karani aliyezoea kujibiwa kwa sekunde tano, sasa amekaa dakika tano mikono mitupu! Ndiyo sababu vijitabu ni vya lazima.

Alama nne

Lakini vijitabu huleta hatari. Tuseme karani wa kwanza na karani wa pili wamenakili ukurasa ule ule. Karani wa kwanza akibadili namba katika kijitabu chake, wa pili bado anaitazama ile ya zamani. Sasa ofisi moja ina kweli mbili. Ni ipi ya kusadikiwa?

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, Mark Papamarcos na Janak Patel, walitoa utaratibu ambao hata leo ndio msingi wa prosesa nyingi. Kila ukurasa wa kache hutiwa mojawapo ya alama nne. Kwa maneno yetu twaweza kuziita hivi:

Ya kwanza ni “Nimebadili.” Maana yake, mimi peke yangu ninao ukurasa huu, nami nimeandika jambo jipya ambalo halijafika katika daftari kuu.

Ya pili ni “Yangu peke yangu.” Hakuna mwingine aliyenakili ukurasa huu, nami sijaubadili.

Ya tatu ni “Ya shirika.” Wengine nao huenda wanao, sote twaweza kusoma, lakini hakuna ruhusa ya kuandika.

Ya nne ni “Batili.” Nakala hii imekufa, isisomwe.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Wasomaji waweza kuwa wengi, lakini mwandishi ni mmoja tu. Kiini kitakacho kuandika katika ukurasa wa shirika lazima kwanza kiwapelekee habari wote wenye nakala: “Futeni nakala zenu.” Nao wakiisha kuziandika “Batili” ndipo kiini hicho hupata haki ya kuandika. Baadaye kiini kingine kikitaka kusoma ukurasa huo, hukuta nakala yake ni batili, kwa hiyo hulazimika kuuomba upya, nacho hupewa ule ulio sahihi.

Tazameni basi jambo la ajabu. Viini havisemezani kwa mdomo. Huandikiana. Kimoja chaandika katika kumbukumbu, kingine chasoma, na huo utaratibu wa alama nne ndio tarishi wao. Iko pia njia ya kengele, ambayo kiini kimoja hukistua kingine kiache kazi yake na kusikiliza. Lakini kengele ni ya mambo ya dharura. Habari zenyewe hupita kwa kuandika na kusoma.

Njia za habari

Je, zile habari za kufuta nakala hupita wapi? Mwanzoni zilipita katika njia moja tu, iliyotumiwa na wote. Ilikuwa kama ukumbi wa ofisi: karani akitangaza jambo, wote husikia, na kila mmoja hutazama kijitabu chake. Kwa makarani wanne utaratibu huu wafaa sana. Lakini wakiwa arobaini, nao wote wakapaza sauti pamoja, hakuna asikiaye neno.

Dawa moja ilikuwa imekwisha kuonekana mwaka 1978, pale Lucien Censier na Paul Feautrier walipoeleza namna ya kuweka orodha. Badala ya kumtangazia kila mtu, orodha huonyesha ni nani wenye nakala ya ukurasa fulani, na habari hupelekwa kwa hao tu. Seva kubwa za leo hutumia orodha za namna hiyo.

Dawa ya pili ilikuwa kuacha ile njia moja. Mwaka 2003 AMD walitoa prosesa ya seva ambayo kila moja ilikuwa na kumbukumbu yake karibu, na viungo maalumu vya kuungana na wenzake. Intel walifuata kuanzia mwaka 2008. Tangu hapo kumbukumbu ya seva yenye prosesa mbili ina upande wa karibu na upande wa mbali, na programu isiyojali jambo hilo hulipa kwa kungoja.

Ndani ya prosesa yenyewe pia njia zilibadilika. Kwa muda Intel walizipanga kama pete, habari zikizunguka kutoka kiini hadi kiini kama ndoo za maji watu wakizima moto. Pete ikiwa ndefu, safari nayo huwa ndefu. Kwa hiyo mwaka 2017, katika prosesa za seva zenye viini hadi 28, walitumia mpango wa wavu: njia za kwenda kulia na kushoto, na njia za kwenda juu na chini, kama mitaa ya mji uliopimwa. Habari hufuata mtaa mmoja, kisha hukata kona mara moja na kufika.

AMD walishika njia nyingine. Prosesa yao ya mwaka 2019 haikuwa kipande kimoja bali vipande vinane vidogo, kila kimoja na viini vinane, vimezunguka kipande kimoja cha katikati. Viini 64 kwa jumla. Habari kutoka kipande kimoja kwenda kingine sharti ipite katikati, kama vile msafiri wa basi alazimikavyo kupita stendi kuu kabla ya kufika mtaa wa pili. Vipande vidogo ni rahisi kutengeneza, maana kikiharibika kimoja kiwandani, hasara si kubwa. Lakini safari ya habari huongezeka. Kila mpango una faida yake na gharama yake.

Kweli moja haitoshi

Sasa nirudi kwenye ada. Msomaji aweza kusema, “Ikiwa alama nne zahakikisha kwamba wote waona namba moja, shida imekwisha.” Bado haijakwisha.

Tuseme akaunti ya shule ina shilingi 1,000,000. Mzazi mmoja ametuma 300,000 na mwingine 200,000, kwa wakati mmoja. Kiini cha kwanza chasoma 1,000,000. Kiini cha pili nacho chasoma 1,000,000. Wote wawili wameona kweli. Cha kwanza chajumlisha na kuandika 1,300,000. Cha pili chajumlisha na kuandika 1,200,000 juu yake. Akaunti ilipaswa kuwa na 1,500,000, nayo ina 1,200,000. Shilingi 300,000 zimepotea, na hakuna mwizi!

Kosa ni kwamba kusoma, kujumlisha na kuandika ni mambo matatu, na mwingine aliingia katikati. Yapasa mambo hayo matatu yawe kama jambo moja lisilokatika. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza jinsi mashine nyingi zinavyoweza kupokezana zamu, moja tu ikiingia mahali pa hatari kwa wakati mmoja. Hilo ndilo tuitalo kufuli: aingiaye hufunga, atokaye hufungua. Baadaye, katika mashine za IBM za miaka ya 1970, ilikuwamo amri isemayo, kwa maneno yetu: “Ikiwa namba bado ni 1,000,000, andika 1,300,000, kama imebadilika, usiandike, bali niambie.” Kiini cha pili kikitumia amri hiyo, chaambiwa kwamba namba imebadilika, nacho hurudi kusoma upya, na hesabu yatoka sawa. Amri za namna hiyo zimo katika prosesa zote za seva za leo. Programu za fedha zilizoandikwa vizuri hazikubali kuandika bila ulinzi wa namna hii.

Jambo jingine ni mpangilio. Kiini kimoja chaweza kumwekea mwenzake barua, kisha kikainua bendera kuonyesha kwamba barua iko tayari. Lakini prosesa nyingine, ili zisipoteze wakati, huweza kuifanya bendera ionekane kabla ya barua. Mwenzake huona bendera, akafungua sanduku, akakuta barua ya jana. Prosesa za ukoo wa Intel na AMD huyaonyesha maandishi ya kiini kwa utaratibu yalivyoandikwa. Zile za ukoo wa ARM, ambazo kampuni ya Amazon ilianza kuzitumia katika seva zake mwaka 2018, zaruhusu mabadiliko zaidi. Hapo mwandishi wa programu sharti atie amri ya kizuizi: “Bendera isiinuliwe kabla ya barua kuwekwa.”

Gharama ya mazungumzo

Iko hasara nyingine isiyoonekana. Kumbukeni kwamba ukurasa wa kache una nafasi ya namba nane. Tuseme karani wa kwanza anahesabu magunia ya mahindi, na wa pili magunia ya maharage. Hawana shauri moja kabisa. Lakini hesabu zao zimeandikwa katika ukurasa mmoja, mstari kwa mstari. Kila mmoja akitaka kuandika, sharti amnyang’anye mwenzake ukurasa. Mchana kutwa ukurasa waenda na kurudi, na kazi haiendi. Hesabu zatoka sawa, ila kwa kuchelewa sana. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja apewe ukurasa wake. Lakini asiyejua jinsi kache ifanyavyo kazi aweza kutafuta sababu ya ucheleweshaji huo wiki nzima asiipate.

Na mwisho iko sheria ya Gene Amdahl, mtaalamu wa Kimarekani, aliyoieleza mwaka 1967. Alisema kwamba ile sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo iwekayo mpaka wa mwendo. Tupige hesabu. Ikiwa sehemu moja katika 20 ya kazi lazima ifanywe na kiini kimoja huku wengine wakingoja, basi hata ukiwa na viini 1,000, kazi haiwezi kwenda upesi mara 20 kuliko kwa kiini kimoja. Kwa viini 64 utapata kama mara 15. Kwa viini 192 utapata kama mara 18. Umezidisha viini mara tatu, umeongeza mwendo kidogo tu. Na hapo hatujahesabu muda wa kungoja kufuli na kurasa za kusafiri.

Basi wenzangu, hasa ninyi mnaoanza kujifunza kuandika programu, na ninyi wazee wetu wa shule mnaosimamia ofisi zinazonunua mashine hizi, msidanganywe na idadi ya viini iliyoandikwa juu ya sanduku. Ulizeni kwanza kazi yenyewe yagawanyika kwa kiasi gani, na viini vitaandikiana mara ngapi. Kila atakaye kuweka namba katika kumbukumbu na ajiulize: Nani ataisoma? Nani ataiandika? Imekaa katika ukurasa wa nani? Kazi iliyogawanywa vizuri ni ile ambayo kila mmoja ana ukurasa wake, wanakutana pale tu panapolazimu, na wakutanapo wanafuata zamu. Kwa namna hiyo viini 192 vyaweza kufanya kazi upesi, na mzazi wa Mbarara akituma ada, shilingi zake zikafika zote, mara moja tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita